Kivu ya Kaskazini: Kuzuia udongo usiende na mvua, kazi ngumu kwa mkulima asiye na uhakika wa shamba

Kwenye milima ya Masisi, mkulima hulima akitazama juu. Husimama upande wa chini wa shamba lake, huinua jembe, hulipiga ardhini mbele yake, kisha hulivuta kuelekea miguuni. Karibu kila mtu hufanya hivyo kwenye mteremko, maana kulima ukitazama bondeni kunavunja mgongo na kunaweza kukuangusha. Lakini kila jembe linapovutwa, donge la udongo hushuka hatua moja. Jua linapozama, kabla hata tone moja la mvua halijaanguka, shamba zima limesogea kidogo kuelekea mtoni.

Wataalamu wa udongo huuita mmomonyoko wa jembe, na huutenganisha na ule wa maji. Wakaaji wa Masisi wanaujua bila jina hilo. Upande wa juu wa shamba udongo umebaki mwekundu au wa mawe, na maharagi yanatoka mafupi, majani yake ya manjano. Upande wa chini, karibu na mpaka wa jirani, udongo ni mweusi na mzito, na mahindi yanasimama vizuri. Rutuba ya juu imehamia chini. Mara nyingi imehamia kwa jirani kabisa.

Kisha mvua humalizia kazi. Msimu A huanza Septemba, msimu B huanza Februari, na yote miwili huanza kwa namna moja: mashamba yamelimwa na kusafishwa, hayana hata jani moja juu yake, na ndipo mvua kali za kwanza zinapoanguka. Tone hupiga udongo ulio uchi kama nyundo ndogo. Chembe zinavunjika, zinaziba matundu ya ardhi, na maji yanayokosa pa kuingia yanaanza kukimbia. Kwenye mteremko wa mita mia moja usio na kizuizi chochote, yanafika chini yakiwa na nguvu ya kuchimba mfereji.

Hesabu yake ni rahisi, nayo inashtua. Tabaka la milimita 1 tu juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10 za udongo, karibu tani 10. Mtu akitaka kuutia kwenye mifuko ya kilo 50, atahitaji karibu mifuko 200. Milimita 1 haionekani kwa macho. Mkulima anaweza kuipoteza kwa msimu mmoja bila kujua kwamba ameibiwa.

Udongo huo hauishii kwenye mpaka wa teritware. Mto Osso hukusanya maji ya mabonde ya Masisi na kuyapeleka kwenye mto Lowa. Lowa hupita Walikale, halafu huendelea hadi Lualaba. Maji mazito ya rangi ya matope yanayoonekana Walikale wakati wa mvua hubeba matope ya machimbo ya madini, ndiyo, lakini hubeba pia mashamba ya watu wa milimani.

Shamba linaloonekana la mvivu

Njia moja ya kupunguza hasara hii ni ile inayoitwa kilimo hifadhi. Shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, FAO, hulieleza kwa mambo matatu: kutougusa udongo isipokuwa pale mbegu inapoingia, kuufunika wakati wote, na kubadilisha au kuchanganya mimea. Mlimani maana yake ni hii. Mahindi yakishavunwa, mabua hayachomwi. Yanalazwa chini kwa upana wa mlima. Maharagi yanapandwa katika vishimo kati ya mabua hayo, na jembe linafungua tundu la mbegu tu. Mvua inapokuja, tone linapiga bua, si udongo. Chini yake minyoo na mizizi iliyooza inafungua njia ambamo maji yanaingia badala ya kukimbia.

Kueleza ni rahisi. Kufanya ni jambo lingine, na wengi wanaoleta mafunzo haya hupita haraka juu ya magumu yake.

Gumu la kwanza ni aibu. Kijijini, shamba lililolimwa likasafishwa mpaka likang'aa ndilo shamba la mtu wa bidii. Lile lenye mabua na majani yaliyotapakaa ni la mvivu, la mgonjwa au la mtu aliyekimbia vita. Si kila mtu yuko tayari kuonekana hivyo mbele ya wakwe zake.

La pili ni magugu. Jembe halifungui ardhi tu, linaua majani pia. Ukiliacha, magugu hurudi kwa nguvu katika miaka ya kwanza, na palizi huongezeka. Palizi kwa kawaida ni kazi ya wanawake. Mradi unaomsifu mume kwa kuacha kulima, bila kuhesabu saa ambazo mke wake anaziongeza kwa kupalilia, umehesabu nusu ya kazi tu. Dawa za kuua magugu zipo, lakini zinahitaji pesa taslimu, pampu na mtu anayejua kuzitumia bila kujidhuru.

La tatu ni mabua yenyewe. Masisi ni nchi ya ng'ombe; maziwa na jibini yake yanajulikana hadi Goma na Kinshasa. Baada ya mavuno ng'ombe na mbuzi huingia mashambani, na mabua ambayo mnyama hakula huishia jikoni kama kuni. Hapo ndipo pa kuwa makini: kuacha kulima bila kufunika udongo kunaweza kuleta hasara kuliko faida. Ardhi isiyofunikwa wala kufunguliwa hugandamana, maji yanakimbia zaidi, na mavuno yanashuka. Hata penye kifuniko cha kutosha, majaribio mengi barani Afrika yameonyesha kwamba mavuno hayapandi lazima mwaka wa kwanza wala wa pili. Asiyepata majani ya kufunika, heri aendelee kulima, ila alime kwa upana wa mlima.

Tena kuna viazi, vile ambavyo wengi huviita birayi. Huwezi kuvivuna bila kuchimba. Mihogo vilevile. Kwa hiyo mkulima wa Masisi hawezi kulifuata somo la kilimo hifadhi neno kwa neno. Anaweza kuchukua kinachofaa. Maharagi na mahindi vinakubali kupandwa bila kulima. Migomba ndiyo inayokubali kuliko yote, kwa sababu majani na vigogo vyake vikikatwa na kulazwa chini vinatosha kuwa blanketi la shamba. Viazi vinataka matuta, na matuta hayo yakifuata upana wa mlima badala ya kushuka, kila mfereji kati yake unakuwa kizuizi badala ya kuwa barabara ya maji.

Vijiti vitatu, kamba na jiwe

Neno "upana wa mlima" linadanganya. Jicho la mtu aliyesimama kwenye mteremko halioni usawa vizuri. Mstari unaodhani umenyooka huinama kidogo, maji hukusanyika pale ulipoinama, huvunja hapo, na kizuizi kinakuwa chanzo cha korongo. Ndiyo maana chombo cha maana kuliko vyote katika kazi hii ni kile kinachofanana na herufi A.

Vijiti viwili vya karibu mita 2 hufungwa pamoja juu, kijiti cha tatu hufungwa katikati kama daraja, na kutoka kileleni huning'inizwa kamba yenye jiwe. Chombo husimamishwa ardhini, na alama hutiwa pale kamba inapogusa kijiti cha katikati. Kisha miguu hubadilishana nafasi, na alama ya pili hutiwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kuanzia hapo mtu hutembeza chombo kwa upana wa mlima kama anayepiga hatua, kila mguu ukifika mahali ambapo kamba inatulia kwenye alama ya katikati, kigingi hupigwa. Vigingi vikishikana, mstari wa usawa umepatikana. Gharama yake ni asubuhi moja na watu wawili.

Juu ya mstari huo hupandwa majani yanayoshika udongo: setaria, matete ya ng'ombe, tripsakumu. Wenye nafasi huongeza miti kama kaliandra au lusena. Mteremko ukiwa mkali, mistari hukaribiana, kila mita 5 hadi 10. Katika miaka 2 au 3 kitu cha ajabu kinatokea: udongo unaoshuka, ule wa maji na ule wa jembe, unazuiliwa na majani, unarundikana nyuma yake, na ngazi inajijenga yenyewe. Jembe lilelile lililokuwa linapeleka shamba mtoni sasa linajaza ngazi. Majani hukatwa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi. Miti hutoa fito za maharagi ya kupanda juu, yale yanayozaa kuliko maharagi mafupi lakini yanayomlazimu mkulima kutafuta miti ya kuyasimamisha.

Anayetaka ngazi haraka huchimba. Njia inayofundishwa leo katika nchi nyingi ina jina la Kiswahili, fanya juu, na ilisambaa kutoka Machakos nchini Kenya: mfereji wa karibu sentimita 60 kwa kina huchimbwa kwenye mstari wa usawa na udongo wake hutupwa upande wa juu, si wa chini, kisha majani hupandwa juu ya tuta hilo. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, milima mingi imekatwa kuwa matuta makubwa ya ngazi kamili. Hayo ni kazi ya mamia ya siku kwa hekta, na yanafukua udongo wa chini usio na rutuba, wenye asidi, ambao bila samadi nyingi na chokaa hauzai kitu. Si dawa ya mtu aliye peke yake na jembe lake.

Wala vizuizi hivi haviokoi kila kitu. Tarehe 2 Aprili 2023, mlima uliporomoka Bolowa katika teritware ya Masisi na kuua watu zaidi ya 20, wanawake na watoto, wengi wao wakiwa chini ya mlima kwenye maji wakifua nguo. Mwezi uliofuata, tarehe 4 Mei, mafuriko na maporomoko yaliangamiza Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, Kivu ya Kusini, na zaidi ya watu 400 walikufa. Mlima unaokatika kutoka ndani, mita kadhaa chini, hauzuiliwi na mstari wa setaria. Mitaro inayokusanya maji bila njia ya kutokea inaweza hata kuuongezea mlima uzito na kuharakisha kukatika kwake. Kwenye miteremko ya namna hiyo kinachosaidia ni mizizi mirefu ya miti, na kutojenga nyumba chini yake.

Mitaro ya kulazimishwa

Hakuna jambo jipya hapa kwa wazee wa Kivu. Wakati wa Wabelgiji, kuchimba mitaro na kupanda vizuizi vya majani ilikuwa amri. Dekrea ya mwaka 1933 iliruhusu kumlazimisha mkulima hadi siku 60 kwa mwaka katika kazi za kilimo zilizoamriwa. Wakati wa vita kuu, mwaka 1942, siku hizo zikaongezwa hadi 120. Aliyekataa alilipa faini au alifungwa. Watu walichimba, na baada ya uhuru wa 1960 mitaro mingi ikaachwa ikajaa. Wakati wa Mobutu ikaja salongo, kazi ya lazima kwa jina la jamii. Neno hilohilo baadaye likachukuliwa na makundi ya silaha, ambayo yamewalazimisha wanakijiji kubeba mizigo, kujenga kambi na kulima bila malipo. Agronomi anayefika leo na kuwaita watu wachimbe pamoja anazungumza na masikio yaliyokwisha kusikia mwaliko wa namna hiyo.

Machakos walipitia njia hiyo pia. Walilazimishwa na serikali ya kikoloni, walichukia, waliacha. Lakini baadaye walirudi kuchimba kwa hiari, katika vikundi vya kusaidiana vinavyoitwa mwethya, ambamo wanawake walikuwa wengi. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu huko iliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua badala ya kuongezeka. Walikuwa na soko la Nairobi karibu, walikuwa na kahawa ya kuuza, na jambo ambalo Masisi halipo: kila mtu alijua kwamba ngazi aliyochimba itabaki yake na ya watoto wake.

Shamba la msimu mmoja

Sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya Masisi si ya wanaoilima. Wakoloni walichukua milima kwa ajili ya chai, kinini, kahawa na ng'ombe. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikatangaza ardhi yote kuwa mali ya serikali, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo Mobutu akatangaza kutaifishwa kwa mali za wageni. Fermu zikaingia mikononi mwa wenye vyeo na wenye pesa, nyingine za mamia ya hekta. Wanakijiji waliobanwa katikati yake hukodi kipande: kwa pesa, kwa sehemu ya mavuno, au kwa siku za kazi kwenye shamba la mwenye fermu. Mapatano ni ya mdomo, na mara nyingi ni ya msimu mmoja.

Setaria inataka miaka miwili kabla ya kujenga ngazi, kaliandra nayo inataka muda. Nani atapanda kizuizi kwenye udongo ambao Februari unaweza kupewa mtu mwingine? Wako pia wenye mashamba wanaomkataza mpangaji kupanda miti, kwa sababu kwa desturi mti ni ushahidi: aliyepanda mti anaweza kesho kusema mahali ni pake. Kwa hiyo mpangaji anafanya hesabu ya mtu mwenye akili. Analima haraka, anavuna anachoweza, anaacha mlima ulivyo.

Vita vimeifanya hesabu hiyo kuwa fupi zaidi. M23 waliingia Kitshanga Januari 2023, wakachukua Rubaya mwaka 2024, na Masisi-katikati mwanzoni mwa Januari 2025. Maelfu kwa maelfu ya wakulima walilala katika kambi za kando ya Goma, hadi Februari 2025 kambi hizo zilipovunjwa na wengi wakapanda tena milimani. Baadhi ya mashamba waliyoyaacha yalikuwa yamepumzika na kufunikwa na majani, mapumziko ambayo hakuna mkulima angeweza kuyalipia kwa hiari. Mtu anayerudi na njaa, bila akiba wala mbegu, huyachoma majani hayo na kulima siku hiyohiyo. Hakuna wa kumlaumu.

Mizozo ya ardhi haikukosa wapatanishi. UN-Habitat ilianza kazi hiyo mashariki mwa Congo mwaka 2009, na mashirika ya Goma kama Aide et Action pour la Paix yamekaa na wenye fermu, wanakijiji na wakuu wa kimila kutafuta mapatano. Kwa mtu wa udongo, karatasi inayomhakikishia mpangaji misimu sita badala ya mmoja inazuia mmomonyoko kuliko semina kumi. Mwenye fermu naye angefaidika, maana mlima unaobaki bila udongo ni wake.

Walikale: moto badala ya jembe

Ukishuka kutoka Masisi kuelekea magharibi, milima inapungua na msitu unaanza. Walikale ndiyo teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, na huko mkulima wa asili halimi sana. Hukata msitu, huchoma, kisha hupanda mihogo, mpunga, mahindi na ndizi kati ya visiki kwa ncha ya panga au kijiti. Mizizi iliyokufa bado inashika udongo. Kwa maana fulani, kutolima kulianzia hapa, muda mrefu kabla ya jina la kilimo hifadhi kufika.

Udongo wa huko ni mzee na wa asidi, na utajiri wake haumo ardhini bali katika miti na majani yanayooza. Moto huufungua utajiri huo mara moja kama anayetumia akiba yote. Baada ya misimu michache mavuno yanashuka, na shamba linaachwa miaka kumi au ishirini ili msitu urudi. Watafiti wa INEAC, taasisi ya kilimo ya wakati wa ukoloni yenye makao Yangambi, walijifunza kwa wakulima hao: walipanga mashamba kuwa vipande virefu vyenye upana wa mita 100, vikipishana na vipande vya msitu vilivyoachwa, ili mbegu za miti zisiwe mbali.

Mfumo huo unadumu watu wakiwa wachache. Leo vijiji vimesogea kando ya barabara, vijana wanavutwa na machimbo, na waliokimbia vita Masisi wanapewa kipande karibu na kijiji, si mbali msituni. Kipande hicho kinarudiwa baada ya miaka miwili au mitatu. Msitu haurudi, yanarudi majani makali, na majani makali yanataka jembe. Hapo ndipo Walikale inapoanza kufanana na Masisi. Katika jimbo jirani la Maniema, huko Kasongo, miradi imefundisha kilimo hifadhi kwenye savana, kusudi watu walime palepale penye nyasi badala ya kukata msitu mpya. Kwa mashamba ya kando ya barabara ya Walikale, kuacha kuchoma na kupanda mimea ya kufunika kama mukuna kunafaa zaidi kuliko mitaro.

Anayekodi kwa msimu mmoja, huku au kule, bado ana vitu vya kufanya vinavyolipa ndani ya msimu huohuo. Magugu yaliyopaliliwa na mabua yanaweza kulazwa katika mistari kwa upana wa mlima, badala ya kuchomwa. Matuta ya viazi yanaweza kugeuzwa. Titonia, lile ua la manjano linaloota kando ya barabara zote za Kivu, linaweza kukatwa likiwa bichi na kufukiwa karibu na mbegu. Majani yake yana naitrojeni na potasi nyingi, na hayana bei. Hata setaria si ya wenye shamba peke yao. Hupandwa kwa kugawanya mashina, na anayeambiwa aondoke anaweza kung'oa mafungu machache, akayafunga kwa kamba na kuyabeba hadi kilima kingine.